Ushawishi wa Adi Shamir tuupimeje, kwa idadi ya nukuu au kwa njia nyingine?

Chumbageni_Hesabu:
Wakuu, salaam kutoka Tanga mjini. Kikundi chetu cha hisabati kinaandaa mada ya dakika 20 kuhusu Adi Shamir, ile S ya RSA, njia maarufu ya kusimba ujumbe kwa kompyuta. Maswali mawili. Kwanza, nitaonyeshaje ushawishi wake kitaaluma bila kusoma tu tarakimu za nukuu kutoka Google Scholar (huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma)? Pili, wasikilizaji wengi ni walimu wa sekondari na wahasibu wa SACCOS. Makala ipi moja inafanyika ubaoni kwa chaki ikaeleweka?

Raskazone77:
Mkuu, orodha ya makala ichukue DBLP (hifadhidata ya makala za sayansi ya kompyuta), ndipo uende Scholar kutazama nani kamnukuu. Scholar huchanganya watu wenye majina yanayofanana, na makala moja inaweza kutokea mara mbili. Angalia miaka kwa makini: makala ya Fiat na Shamir iliwasilishwa kongamano la Crypto 1986, kitabu cha kongamano kikatoka 1987. Baadhi ya watu huandika 86, wengine 87, nawe ukiunganisha orodha unapata makala mbili ambazo ni moja.

Usihesabu "mwandishi wa kwanza" pia. Kwenye kriptografia (elimu ya kusimba ujumbe) majina hupangwa kialfabeti, kwa hiyo nafasi ya jina haisemi nani kafanya kazi zaidi. RSA yenyewe (Rivest, Shamir, Adleman, Februari 1978) haikufuata utaratibu huo.

Na kipimo cha h kiache kabisa. Kinauliza una makala ngapi zilizonukuliwa angalau mara hizo hizo. Mtu mwenye h ya 60, makala yake iliyonukuliwa mara 60 na iliyonukuliwa mara maelfu zinahesabika sawa. Kwa mtu wa aina ya Shamir kipimo hicho kinaficha kile hasa unachotaka kuonyesha.

Mwl_Makorora:
Swali la pili halina mjadala: "How to Share a Secret", Communications of the ACM, Novemba 1979. Kurasa mbili tu! Inaanza na fumbo: wanasayansi 11 wanataka kabati la nyaraka lifunguke pale tu wanapokuwepo 6 au zaidi. Kwa makufuli ya kawaida utahitaji makufuli 462, na kila mtu abebe funguo 252. Waandikie ubaoni namba hizo mbili kwanza, kisha uwaonyeshe njia ya Shamir.

Chukulia namba ya kufungulia sefu ya SACCOS ni 29, na unataka viongozi wawili wowote kati ya watatu waweze kuipata. Chagua namba tasa kubwa kuliko siri na kuliko idadi ya watu, tuseme 97. Chagua namba ya kubahatisha kati ya 0 na 96, tuseme 61. Sasa hesabu 29 + 61x, ugawanye kwa 97, ubaki na salio:

x = 1: 90
x = 2: 151, salio 54
x = 3: 212, salio 18

Mwenyekiti anapewa (1, 90), katibu (2, 54), mhazini (3, 18). Mwenyekiti na mhazini wakikutana: 18 − 90 = −72, gawanya kwa 2 (yaani 3 − 1) upate −36, ongeza 97 upate 61. Halafu 90 − 61 = 29. Sefu imefunguka. Katibu akiwa peke yake, 54 yake inaendana na siri yoyote kuanzia 0 hadi 96, kila moja kwa uwezekano ule ule. Kompyuta yenye nguvu kiasi gani haimsaidii, na huo ndio uzuri wake.

Atatokea mtu aulize kwa nini usumbuke na salio. Mwonyeshe: bila salio katibu angeshika 151. Kwa kuwa x yake ni 2, sehemu ya 61x lazima iwe shufwa, na 151 ni witiri, basi ameshajua siri ni witiri. Nusu ya namba zote zimeondoka.

Makosa mengine ya watengeneza programu: kutumia tena ile namba ya kubahatisha kwa siri nyingine, na kuanza kugawa kwenye x = 0, ambako kipande ndicho siri yenyewe. Wanaotaka watatu wawe lazima waongeze kipengele cha x² chenye namba yake ya kubahatisha.

Chumbageni_Hesabu:
Shukrani sana mwalimu. Na kama katibu akileta namba ya uongo? Halafu nasikia mtu aitwaye Blakley naye alikuwa na wazo hilo la kugawa siri mwaka huo huo.

Raskazone77:
Akileta uongo, wote wanapata siri isiyo sahihi na hakuna kengele inayolia. Feldman aliliziba pengo hilo 1987 kwa vipande vinavyoweza kuhakikiwa. Hapo ndipo umepata jibu la swali lako la kwanza: chora mti wa kazi zilizotokana na makala yake. Makala ya 1979 chini, Feldman tawi moja, tawi la pili makala za 1988 za Ben-Or, Goldwasser na Wigderson, na za Chaum, Crépeau na Damgård, zinazofanya hesabu juu ya vipande bila kufichua siri. Juu kabisa weka Vault, programu ya kutunza siri za mifumo ya kompyuta, ambayo kwa kawaida hugawa ufunguo vipande 5 na kudai 3.

Mti wa pili ni mfupi ila mimi naupenda zaidi. Mwaka 1984 Shamir alipendekeza jina au anwani ya mtu iwe ndiyo ufunguo wake wa wazi (ule ambao kila mtu anaruhusiwa kuujua). Sahihi ya kidijitali aliiweza, kusimba ujumbe hakuweza, akaliacha swali wazi. Jibu lililotumika kivitendo lilikuja 2001, kwa Boneh na Franklin. Swali lililowashughulisha watu miaka 17 ni ushawishi pia, hata kama si yeye aliyelijibu.

Mwl_Makorora:
Blakley ni kweli, 1979, kwa njia ya jiometri: siri ni nukta ambapo bapa zinakutana. Mtaje. Mtaje na Clifford Cocks wa GCHQ (shirika la ujasusi wa mawasiliano la Uingereza), aliyeifikia njia ya RSA 1973, ikafichwa hadi 1997. Kwa dakika 20, ubao upe 12 na miti 6. Chapisha jedwali la 97 kwenye karatasi, maana kugawa namba hasi ndipo wengi watakapokwama.