Naombeni ushauri: kozi ya kufuzu mchezo wa shabaha kwa bastola, naanza kutoka sifuri (Mtwara)

Mwana Mikindani

Wakuu, habari za usiku.

Niko Mikindani, miaka 46, nanunua ufuta na korosho. Bastola ya milimita 9 ninaimiliki kihalali tangu 2019 kwa sababu ya safari za msimu. Risasi nilizopiga tangu hapo hazifiki 30, muda mwingi inalala kwenye sefu.

Shemeji yangu anaishi Nairobi na huko anashiriki mashindano ya IPSC, yale ya kukimbia na kulenga huku taima inahesabu. Ameniandikisha kozi ya wanaoanza mwezi ujao, siku 2 uwanjani nje kidogo ya Nairobi. Bila kufuzu hiyo huruhusiwi kushindana. Bastola yangu inabaki nyumbani, nitatumia ya klabu yao. Nimeambiwa nije na mkanda mgumu, holsta (ala ya bastola ya kiunoni), vifuko vya magazini, kinga ya macho na ya masikio, na niwe na hela ya risasi kama 250.

Mambo matatu yananikosesha usingizi. La kwanza, risasi zangu huenda chini kushoto. Mara ya mwisho kwa mkufunzi nilipiga 10 kwa umbali wa mita 10, na 7 zilirundikana pamoja chini kushoto, nafasi ya ngumi moja. Mkono wangu ni wa kulia. La pili, macho. Bila miwani ya kusomea sioni namba za simu. La tatu, nasikia ukikosea kidogo unatolewa uwanjani siku hiyohiyo. Nauli ya Mtwara hadi Dar na kuendelea mbele mnaijua, sitaki kwenda kutolewa saa tatu asubuhi.

Nina wiki 4. Nifanye nini nikiwa huku huku Mtwara? Natanguliza shukrani.

Mstaafu Nachingwea

Kijana wangu, nimefundisha watu kulenga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hilo la chini kushoto halitokani na bastola. Ni wewe unaisubiri ilipuke. Sehemu ya sekunde kabla ya mlio, kiganja kinakaza na kifundo kinasukuma chini ili kupambana na mrusho (bastola kuruka nyuma inapofyatuka) ambao haujaja. Kwa mtu wa mkono wa kulia matokeo ni hayohayo uliyoyaeleza.

Dawa yake ni kufyatua bila risasi. Lakini nakuomba ufuate utaratibu huu kama sala. Toa magazini. Vuta slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma), angalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote zipeleke chumba kingine, funga mlango. Lenga ukuta wa tofali za saruji ambao nyuma yake unajua hakuna mtu. Usilenge mlango, wala ukuta wa miti na udongo. Kabla ya yote soma kitabu cha bastola yako kama inaruhusu kufyatuliwa tupu. Nyingi za kisasa zinaruhusu.

Sasa chukua sarafu ya shilingi 100, mtu akuwekee juu ya slaidi karibu na nundu ya mbele, ile ya kulengea. Kidole kibonyeze triga taratibu, moja kwa moja hadi nyuma, bila kusitasita katikati. Sarafu ikidondoka, umesukuma. Dakika 10 kwa siku zinatosha, usizidishe, mkono ukichoka unajifunza makosa.

Na unapomaliza, sema kwa sauti, "Nimemaliza." Ajali nilizowahi kuzisikia za mazoezi ya nyumbani zinafanana. Mtu amekwisha kurudisha magazini yenye risasi, kisha anajiambia ajaribu mara moja tu ya mwisho.

Chipukizi wa Tandahimba

Mkuu usijisumbue na sarafu. Nenda shambani, weka mapapai kwenye kichuguu, piga magazini 3 mchana mmoja, mkono utazoea. Porini huko nani atakusikia?

Mstaafu Nachingwea

Mwanangu wa Tandahimba, hapana. Risasi ya milimita 9 ikikosa papai inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1. Huko porini unakosema hakuna mtu kuna akina mama wameinama wanachimba ming'oko, mizizi ya porini ya kula, na aliyeinama nyuma ya kichaka humuoni. Kuna watoto wanaokota mabibo. Leseni ya silaha hailigeuzi shamba kuwa uwanja wa shabaha. Mwenye uzi akitaka kupiga risasi halisi aende kwa OCD wake (mkuu wa polisi wa wilaya), aulize ni wapi na chini ya usimamizi wa nani. Akikosa, wiki 4 za kufyatua tupu zinamtosha.

Chipukizi wa Tandahimba

Nimekuelewa mzee, shikamoo. Hilo la ming'oko sikuliwaza, na bibi yangu mwenyewe huwa anakwenda.

Mpigaji wa Kiambu

Karibu Kenya, ndugu. Mimi nashindana na nimesaidia kusimamia wanafunzi kama wewe, kwa hivyo nikueleze kinachotazamwa.

Watu wengi wanakuja wakidhani watapimwa spidi. Mkufunzi haangalii tundu za tageti kwanza, anaangalia kidole chako cha shahada na mdomo wa bastola. Kidole kinakaa nje ya kikingio cha triga, kimenyooka ubavuni, wakati wowote hulengi: ukitembea, ukibadilisha magazini, ukiondoa risasi iliyokwama. Mdomo wa bastola usivuke nyuzi 90 kila upande kutoka mbele ya uwanja. Ukivuka umemaliza siku. Ukiidondosha bastola pia umemaliza, na hapa sikiliza vizuri: ikikuponyoka USIIDAKE, na ikianguka usiiokote. Mkono unaodaka hewani ndio unaoshika triga. Simama, msimamizi ataiokota mwenyewe.

Uwanja wetu ni wa bastola tupu. Hakuna mtu anayetembea na silaha yenye risasi. Unajaza tu ukiwa mbele ya msimamizi, kwa amri yake. Kuna meza pembeni inayoitwa eneo la usalama. Pale unaweza kushika bastola yako, kuivaa, kujaribu holsta, ila risasi hazishikwi kabisa, hata zile za bandia za mazoezi. Nimeona mtu akiondolewa kwa kujaza magazini pale pale mezani, na alikuwa mpigaji mzuri.

Amri hutolewa kwa Kiingereza dunia nzima, zikariri mpaka uziote. "Load and make ready": jaza, rudisha bastola kwenye holsta, tulia. "Are you ready?": kama hauko tayari sema, kama uko tayari nyamaza au itikia kwa kichwa. "Standby": usisogee hata kidogo, mlio unakuja ndani ya sekunde 1 hadi 4. Ukimaliza utasikia "If you are finished, unload and show clear": toa magazini, vuta slaidi, muonyeshe chemba. Kisha "If clear, hammer down, holster": fyatua tupu ukilenga kwenye tuta, rudisha holsta. Mpaka asikike akisema "Range is clear" bado uko kazini. Wanaoanza wengi wanakosea hapa mwishoni, kwa furaha ya kumaliza.

Kitu kimoja cha kufanyia mazoezi huko kwenu: kusogea KUSHOTO. Wewe ni wa mkono wa kulia. Ukienda kulia na kubadilisha magazini, bastola inalala kuelekea kushoto, yaani mbele ya uwanja, hakuna shida. Ukienda kushoto, mwili unageukia kushoto na bastola inalala zaidi kushoto, inakaribia kuangalia watu walio nyuma yako. Tembea ukumbini na mti ulioushika kama bastola, weka alama ya chaki ukutani kama mbele ya uwanja, na uizoeze mikono kubaki inaitazama chaki wakati miguu inakwenda kushoto. Magazini badilisha kabla hujaondoka, au ukifika.

Kuhusu spidi, angalia hesabu. Alama zako zinagawanywa kwa sekunde. Kwa risasi za nguvu ya kawaida, A (eneo la katikati ya tageti) ni 5, C (linalofuata) ni 3, D (la nje) ni 1, na kukosa tageti ni kukatwa 10. Chukua risasi 12. Mmoja kapiga A zote kwa sekunde 15: 60 kugawa 15 ni 4. Mwenzake kakimbia, sekunde 11, kapata A 8, C 3, na kakosa 1: 40 na 9, toa 10, inabaki 39. Gawa kwa 11, unapata 3.5 na ushee. Aliyekwenda polepole kashinda.

Mwana Mikindani

Mkuu wa Kiambu, Mungu akubariki. Hilo la kushoto hakuna aliyewahi kuniambia, hata shemeji. Nimejaribu ukumbini na kipande cha ubao, mara 3 za kwanza ubao uliangalia mlango wa jikoni. Mke wangu alikuwa amesimama pale pale. Nimekaa chini kwanza.

Miwani Ligula

Kaka, nashughulika na macho. Miwani yako ya kusomea imepimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Nundu ya mbele ya bastola, mikono ikiwa imenyooka, iko karibu sentimita 65 hadi 70. Ndiyo maana ukivaa ya kusomea nundu bado ina ukungu, ukivua napo hivyohivyo. Nenda kwa mpimaji ukiwa umejipima urefu wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, umwambie unataka kuona safi hapo. Lenzi ya jicho unalolengea pekee inaweza kutosha. Tageti itaonekana na ukungu kidogo. Iache na ukungu wake. Kinachotakiwa kuwa safi ni nundu ya mbele.

Na lenzi ziwe za polikaboneti, kioo cha kawaida kikipigwa kinapasuka.

Bi Shangani

Kaka Mikindani, mimi nimepita kozi kama hiyo nchi nyingine, nilikuwa mwanamke peke yangu siku ile. Nakupa ya mavazi maana wanaume huwa hawayasemi.

Ganda la risasi linatoka la moto. Langu la kwanza liliingia shingoni, likakaa kati ya mtandio na ngozi. Nilikuwa na bastola mkononi. Mwili wote unataka kuruka na kujikung'uta, na ukijikung'uta, bastola inazunguka nayo. Nilikaza meno, nikaiweka bastola ikitazama mbele, kidole nje, nikamwita msimamizi. Alama ya kuungua ilikaa wiki 2, lakini nilifuzu. Kwa hiyo: kola iliyofungwa, kofia yenye ukingo ili ganda lisidondokee kati ya miwani na jicho, viatu vya kufunika. Mwambie na mwanamke yeyote atakayekwenda, mtandio uchomekwe wote ndani ya blauzi, ncha zisining'inie karibu na holsta.

Shati lako pia lichomeke. Pindo la shati likiingia holsta pamoja na bastola linaweza kuvuta triga. Unaporudisha bastola holsta tazama kwa macho, polepole, hakuna anayekupima muda hapo.

Masikio vaa mbili: vile vya sponji ndani, na vya kufunika juu yake. Mlio ukipungua, ile hofu ya kuusubiri aliyoieleza mzee inapungua nayo. Mimi kwangu hilo ndilo lililonyoosha risasi zangu.

Kunawa: moshi na vumbi la risasi vina madini ya ledi (lead), ambayo ni sumu. Usile andazi wala kushika uso kabla hujanawa kwa sabuni na maji ya baridi.

Mwisho, begi. Kabla ya kupanda ndege au basi kurudi, kung'uta kila mfuko wa begi na wa suruali. Risasi moja iliyosahaulika ikionekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege haikuulizi ilikuwa bahati mbaya au la.

Mwana Mikindani

Dada, shukrani sana. Hili la ganda nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Taarifa ya wiki ya kwanza: siku ya kwanza sarafu ilidondoka mara 8 kati ya 10. Jana mara 3. Mzee wa Nachingwea, nimegundua nikishika kwa nguvu zaidi mkono wa kushoto na kuulegeza wa kulia, triga inakwenda laini. Ni sahihi?

Mstaafu Nachingwea

Sahihi kabisa. Wa kushoto ndio unaokamata, wa kulia uachie kidole kifanye kazi. Ila angalia gumba la kushoto lisipande nyuma ya slaidi. Slaidi ikirudi italichana.

Mwana Mikindani

MREJESHO. Wakuu, nimerudi juzi usiku. Nimefuzu.

Siku ya kwanza asubuhi ilikuwa darasani, mtihani wa maandishi, halafu mazoezi ya kutoa na kurudisha bastola bila risasi mpaka mabega yakauma. Siku ya pili tulipiga. Wawili kati yetu 9 waliondolewa, mmoja kwa kidole ndani ya kikingio wakati anabadilisha magazini, mwingine alivuka nyuzi 90 akielekea kushoto, kama alivyosema mkuu wa Kiambu. Mimi kwenye kituo hicho nilisimama kabisa, nikabadilisha, ndipo nikatembea. Muda wangu ulikuwa mrefu kuliko wa wote waliofuzu. Tageti zote zilikuwa na tundu zake, na kwenye A na C tu. Miwani mpya ilinigharimu lakini nundu ilikuwa safi kama chapa.

Bi Shangani, usiku ule kabla ya safari nilimwaga begi lote kitandani kwa shemeji. Kwenye mfuko mdogo wa pembeni, ule ninaowekea chaja, ilikuwemo risasi moja nzima. Sikumbuki kuiweka. Alfajiri shemeji aliipeleka kwa mkufunzi, nami nikalikung'uta begi tena mara mbili kabla ya kwenda uwanja wa ndege.