Mtihani wa jimbo unamega vipindi vya uandishi. Nyie mmefanyaje?

Mwalimu_wa_Nane (Texas):
Habari zenu, walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza darasa la nane, shule ya serikali. Mkuu wa idara ametuletea ratiba mpya: kuanzia Januari mpaka STAAR ya Aprili, yaani mtihani wa jimbo letu, riwaya zinarudi kabatini. Tutabaki na vifungu vifupi, maswali ya kuchagua jibu, na kila wiki insha moja ya kujibu swali kwa ushahidi wa kifungu.

Viwango vyenyewe vya masomo havinisumbui. Texas iliikataa Common Core, viwango vya pamoja vya majimbo mengi, ikabaki na viwango vyake, na ukivisoma vinataka mtoto apange, aandike rasimu, aipitie upya, ahariri, kisha awape watu wasome. Hiyo ni kazi ya wiki mbili tatu. Mtihani hauna wiki mbili tatu, basi unapima kile kinachoandikika kwa mkao mmoja. Insha ina alama 10, na tangu Desemba 2023 msahihishaji wa kwanza ni kompyuta. Takriban robo tu ya majibu ndiyo hupitiwa tena na binadamu.

Nina binti ambaye aya yake ya kwanza huwa takataka, mwenyewe anajua, anaifuta. Insha yake huanzia aya ya pili. Siku ya mtihani hathubutu kufuta. Jirani yake amekariri mifupa ya insha, anaivalisha mada yoyote ile, na hana maoni juu ya lolote. Huyo ndiye tunayeonyeshwa kama mfano.

Nikate nini, nibakize nini?

Mstaafu_Ohio:
Pole, mwanangu. Nilifundisha kabla ya haya yote, kwa hiyo nivumilie. NCTE, chama cha walimu wa Kiingereza, pamoja na chama cha wataalamu wa usomaji, walitoa viwango vyao mwaka 1996: 12 tu, bila kupanga darasa kwa darasa, bila alama. Serikali ya Marekani ilikuwa imeshakata fedha za mradi huo tangu 1994. Tukaambiwa tunaongea hewani.

Ikaja sheria ya No Child Left Behind, iliyosainiwa 2002: mtihani wa kusoma kila mwaka, darasa la tatu hadi la nane, na watoto wote (wote kabisa!) wawe wamefikia kiwango ifikapo 2014. Halafu Common Core ya 2010, na hesabu yake kwamba ifikapo darasa la 12 asilimia 70 ya usomaji iwe maandishi ya taarifa, si hadithi wala mashairi. Waraka wenyewe unaeleza kuwa hiyo ni kwa masomo yote, historia na sayansi zikiwemo. Pale nilipokuwa hakuna kiongozi aliyesoma mpaka hapo. Mzigo wote tukatwishwa sisi, na mashairi ndiyo yalitangulia kuondoka.

Ushauri wangu: ifundishe insha ya mtihani kama aina moja ya uandishi, yenye msomaji wake wa ajabu, asiyekujua, mwenye haraka, na pengine si mtu. Watoto wachambue huyo anataka nini. Ni kazi halali ya Kiingereza, ila wiki chache zinaitosha.

Mama_wa_Queens:
Mimi ni mzazi tu, lakini New York tulishachekeshwa. Mwaka 2012 darasa la nane waliletewa hadithi ya nanasi linaloongea, linashindana mbio na sungura, na maswali ambayo hata watu wazima walibishana majibu yake. Jimbo likaamua yasihesabiwe. Mwaka 2015 takriban mtoto mmoja kati ya watano hakuufanya mtihani, wazazi tuligoma.

Na si huko kwenu Texas mshairi Sara Holbrook alikuta mashairi yake kwenye mtihani? Swali moja liliuliza kwa nini aligawa shairi pale alipoligawa. Alieleza hadharani mwaka 2017: akilisoma kwa sauti, hapo ndipo anapotua. Jibu hilo halikuwemo kati ya yale ya kuchagua. Basi nikamuulize nani kama mwanangu kakosea?

Mwl_Minnesota:
Naomba nipingane kidogo. Nafundisha watoto wanaojifunza Kiingereza, wengi wametoka kambini. Kabla ya 2002 shule iliweza kutangaza wastani mzuri huku wetu wamekaa nyuma hawasomi kitu. Sheria ile, pamoja na ubaya wake, ilitaka matokeo yatenganishwe: rangi, umaskini, ulemavu, wanaojifunza lugha. Ndipo wakuu wakaanza kutuuliza tunahitaji nini.

Lakini mtoto mgeni anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma mara moja tu, ndani ya miezi 12 ya kwanza. Baada ya hapo ni ule ule wa wenzake waliozaliwa hapa. Mimi ningependa wapime kama NAEP, upimaji wa kitaifa wa Marekani: wachukue sampuli ya wanafunzi, wajue hali ya jimbo, wala asitajwe mtoto wala mwalimu. Kipimo kibaki, adhabu iondoke.

Mwalimu_wa_Nane (Texas):
Asanteni sana. Mzee, la msomaji wa ajabu nimelichukua. Jimbo huchapisha miongozo ya usahihishaji yenye insha halisi za wanafunzi. Nitaficha alama, darasa lisahihishe lenyewe, kisha tubishane na mwongozo. Riwaya moja nitaiombea Ijumaa. Mwl_Minnesota, ninao wanafunzi kama wako na sioni ratiba hii inawafaa vipi. Unawapa vifungu vya mtihani tangu mwanzo, au unasubiri kwanza wawe wanasoma kitabu kizima?