Kupakua nyimbo: kulipia usajili wa mwezi au kununua wimbo mmoja mmoja?

MsafiriWaMauSummit (Kisumu)

Hamjambo wakuu. Nyumbani ni Kisumu, kibarua kiko Nakuru, kwa hivyo kila baada ya wiki mbili niko barabarani: Ahero, Kericho, Mau Summit, Salgaa, hadi Nakuru. Ni kama saa nne garini nikienda na nyingine nne nikirudi, na kuna vipande vya njia ambako mtandao hupotea kabisa. Nimechoka kusikiliza nusu wimbo.

Nina shilingi 500 za muziki kwa mwezi, bando ikiwa ndani yake. Nasikiliza benga, ohangla, rumba na nyimbo za injili. Nimeangalia Spotify, Boomplay, Mdundo, na pia ile njia ya kununua wimbo ukawa wako. Wote wanasema "pakua", lakini naona kila mmoja ana maana yake. Gharama halisi ni ngapi ukijumlisha yote? Na siku nikikosa kulipa, nyimbo nilizopakua zinabaki?

FundiSection58 (Nakuru)

Ndugu, nianze na hilo swali la mwisho kwa sababu ndilo linalowapotezea watu pesa.

Ukipakua kwenye Spotify, Apple Music au YouTube Music hupewi faili. Unapewa nakala iliyofungwa kwa kufuli, na ufunguo unabaki kwa kampuni. Ndiyo maana ukitafuta ndani ya mafaili ya simu huuoni wimbo wenyewe, huwezi kumtumia mwenzako kwa Bluetooth, wala kuuweka kwenye flashi ya gari. Usajili ukiisha, kufuli inafungwa. Wateja huniletea simu wakiamini memori kadi imekufa, kumbe ni mwezi umeisha.

Spotify wameyaandika masharti yao wazi: nyimbo hadi 10,000 kwa kila kifaa, vifaa visizidi vitano, na lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili wahakikishe bado unalipa. Kwako wewe hilo halina shida. Atakayeumia ni mtu anayekaa kisiwani mwezi mzima bila bando. Pia kumbuka kwamba ukifuta programu, au simu ikiibwa, unapakua zote upya, na bando ni juu yako.

Boomplay utaikuta tayari kwenye simu nyingi za Tecno. Mdundo ni njia tofauti, kwa sababu pale unashusha MP3 ya kawaida bila kulipa na wanaogharamia ni watangazaji. Faili inakaa kwenye simu yako. Kama tangazo halikukeri, anza hapo kabla hujatoa hata shilingi.

NyarAhero (Kisumu)

Acha nikupigie hesabu ya bando, maana watu hulinganisha bei za usajili na kusahau upande huu.

Sauti ya kiwango cha 160 kbps hula takriban MB 1.2 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni karibu MB 5. Saa moja ni MB 72. Safari yako ya saa nane kwenda na kurudi ni MB 576, na kwa kuwa unasafiri mara mbili kwa mwezi, umeshapita GB 1 kwa barabarani pekee. Tena benga haina wimbo wa dakika nne! Nyingine zinafika saba, nane, na gita ndiyo kwanza linapamba moto.

Sasa pakua nyimbo 100 mara moja kwa Wi-Fi ya ofisini. Ni kama MB 500, na hutumii bando lako hata kidogo. Ukisikiliza wimbo huohuo mara hamsini, gharama haiongezeki. Hata ukiishia kwenye mpango wa kulipia, faida yake kwako ni hapo, si kwenye wingi wa nyimbo.

Kuhusu bei, tuchukue shilingi 300 kwa mwezi ili hesabu iwe rahisi. Kwa mwaka ni 3,600. Lakini soma kama bei hiyo ina VAT ndani au itaongezwa mwishoni, kwa sababu huduma za kidijitali kutoka nje zinatozwa asilimia 16 hapa Kenya. 300 inakuwa 348, na kwa mwaka ni 4,176.

Ochieng_wa_Flashi (Kondele)

Mbona mnajisumbua? Peleka flashi mtaani ujaziwe nyimbo za mwaka mzima kwa bei ya soda mbili.

Mpiga_Isukuti (Kakamega)

Mulembe wote. Ndugu wa Kondele, nakuomba unisikilize kama mtu anayekula kwa kazi hiyo. Tulirekodi nyimbo sita. Tulilipa studio, tukawalipa wapigaji, tukakodi gari la kubeba ngoma. Wiki ya pili nikazikuta kwenye kibanda cha flashi, nyimbo zote sita, majina yetu yameandikwa vibaya. Aliyezijaza alipata pesa siku hiyo. Sisi hatukupata kitu. Siandiki haya kwa hasira, naandika kwa sababu wengi hawajui kwamba upande wa pili kuna watu.

Kwa anayeuliza: kama kuna kikundi unakipenda kweli, nunua wimbo wake pale anapouza mwenyewe. Kwenye Bandcamp, kwa mfano, tovuti inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, ada ya malipo inakatwa, na kinachobaki ni cha msanii. Wewe unapata MP3 au FLAC (faili ya sauti ya ubora wa juu) isiyo na kufuli, unaweka kwenye simu, flashi, redio ya gari, popote. Usajili wa mwezi nao ni bora kuliko flashi, lakini pale pesa yako inaingia kwenye chungu kimoja na kugawanywa kulingana na nyimbo zilizochezwa. Msanii wa Lurambi anapata tone.

Ochieng_wa_Flashi (Kondele)

Nimekusikia, mkubwa. Sikuwa nimeliangalia hivyo. Jina la kikundi ni lipi nikitafute?

Mpiga_Isukuti (Kakamega)

Nitakutumia kwa faragha, nisigeuze uzi wa mwenzetu kuwa tangazo.

MamaWaBoma (Bungoma)

Mimi nitasema juu ya mkataba tu. Mwaka jana nilichukua majaribio ya bure kwenye programu moja ya muziki, mwezi mmoja. Niliweka kadi ya benki kwa sababu haikukubali bila kadi. Sikuipenda, nikaifuta kwenye simu nikajua yameisha. Miezi mitano baadaye naangalia taarifa ya benki, pesa zinakatwa kila tarehe 9. Nilipopiga simu nikaambiwa kufuta programu si kujiondoa. Na ni kweli, nilikuwa nimekubali hivyo kwenye masharti. Sikurudishiwa kitu.

Basi dada na kaka zangu, shikeni hili. Ukijisajili kupitia Google Play, unajiondoa ndani ya Google Play, kwenye sehemu ya malipo na usajili. Ukijisajili kwenye tovuti yao, unajiondoa hukohuko. Programu unaweza kuifuta mara kumi na bado unadaiwa. Siku ile ile unayochukua majaribio, weka kengele ya simu siku tatu kabla ya kuisha. Na ukijiondoa mapema usiogope, maana kwa kawaida unaendelea kusikiliza hadi mwisho wa kipindi ulicholipia.

Kuna na zile huduma za nyimbo zinazokuja kwa ujumbe mfupi. Mama mkwe wangu alikuwa anakatwa shilingi 10 kila siku bila kujua. Kumi inaonekana ndogo, lakini kwa mwezi ni 300, sawa na usajili kamili, na yeye alikuwa hajasikiliza hata wimbo mmoja. Kila akiweka kredo ya 20 inayeyuka, akawa analaumu wajukuu. Tulituma neno STOP kwa nambari ile fupi, na ilipokaidi tukapiga huduma kwa wateja wa mtandao wake.

MwalimuMbale (Vihiga)

Nimeguswa na habari ya mama mkwe. Niongeze mipango ya familia, kwa kuwa gharama hugawanywa ikawa rahisi mno. Spotify inaruhusu watu sita, lakini sharti ni kwamba wote wanaishi anwani moja. Watu wengi huchanga na marafiki wa Eldoret na Nairobi, kisha siku moja wanaombwa kuthibitisha anwani na kundi linavunjika. Mimi na mke wangu na watoto wawili tuko nyumba moja, kwa hiyo inatufaa.

Kama una kijana Egerton, Maseno au Masinde Muliro, mpango wa wanafunzi ni nafuu. Huo unathibitishwa upya kila miezi 12 na mwisho wake ni miaka minne. Asipothibitisha, anahamishiwa bei ya kawaida.

KinyoziWaFreeArea (Nakuru)

Samahani naingilia. Nikilipa usajili wangu, naweza kuucheza kwa spika pale kinyozi?

FundiSection58 (Nakuru)

Hapana, jirani. Masharti ya usajili wa kawaida yanasema matumizi binafsi, yasiyo ya biashara. Kinyozi, matatu, hoteli, hapo ni muziki wa hadharani, na unahitaji leseni kutoka kwa mashirika ya kukusanya mirabaha yaliyoidhinishwa na KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Hata ukiwa umenunua CD halali, leseni ni jambo la pili. Kabla hujamlipa anayekuja mlangoni, hakikisha shirika lake limeidhinishwa mwaka huu, na udai risiti.

MsafiriWaMauSummit (Kisumu)

Asanteni sana. Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Swali moja limebaki: huo ununuzi nitalipaje bila kadi ya benki? Na kama kampuni ikifungwa?

NyarAhero (Kisumu)

Kuna M-Pesa GlobalPay, kadi pepe ya Visa iliyoanza 2022, unaifungua ndani ya M-Pesa yenyewe. Bei zikiwa kwa dola, dola moja ni karibu shilingi 130, hivyo nyimbo kumi za dola moja moja ni kama 1,300. Ni ghali ukilipa leo, ila hulipi tena. Ule usajili wa 348 unafika hapo kabla mwezi wa nne haujaisha.

Kufungwa kunatokea. Songa, programu ya muziki ya Safaricom, ilizinduliwa 2018 na leo haipo. Nyimbo pia huondolewa moja moja mikataba ya wenye haki inapoisha, na ohangla za zamani ndizo za kwanza kukosekana. Zile usizoweza kuishi bila kuzisikia, zinunue. Nyingine zote zikodi tu kwa usajili.

MsafiriWaMauSummit (Kisumu)

Basi nitafanya hivi. Mwezi huu nalipia usajili mmoja, mara moja, bila kuruhusu ujihuishe, na kupakua nafanya ofisini Ijumaa. Zilizobaki kwenye 500 naziweka, kila baada ya miezi michache ninunue nyimbo chache za benga moja kwa moja. Za injili nitajaribu Mdundo kwanza.

MamaWaBoma (Bungoma)

Vizuri, mwanangu. Alhamisi jioni zima data kabisa uzicheze tatu au nne, usije ukagundua uko Salgaa kwamba zilikuwa hazijamaliza kushuka.

MsafiriWaMauSummit (Kisumu)

Sawa mama. Ila kupakua ofisini ni Ijumaa, kwa hiyo nitazijaribu palepale ofisini kabla sijatoka kwenda stendi.