Bwawa la samaki kwenye kinyungu cha mboji: nichimbe, nitandike nailoni au nirudishe maji?

MwanaBonde, Njombe
Habari za jioni wanajukwaa. Tuna kinyungu cha familia, yaani shamba la bondeni, karibu robo tatu ya eka, kinalimwa mahindi na maharage tangu enzi za babu. Udongo wake ni ule mweusi mwepesi, mboji tupu. Msimu huu haukurudisha hata mbegu. Nimechomeka ufito wa mwanzi, ukazama karibu mita mbili ndipo ukagota kwenye udongo wa mfinyanzi. Nataka kufuga samaki. Wengine wananiambia nichimbe palepale nimwage chokaa, wengine nitandike nailoni, na mzee mmoja anasema nizibe mifereji, bonde lilowe, nifuge kambale kwenye mitaro. Ipi itadumu? Sitaki kuwaachia wanangu shimo.

Perege_Songea
Mkuu, mimi nilianza na hiyo ya kwanza, bwawa la mita 10 kwa 20. Maji yalitoka rangi ya chai ya mkandaa, pH (kipimo cha tindikali, kikishuka tindikali imezidi) 4.8. Perege anataka 6.5 kwenda juu. Nikamwaga chokaa ya kilimo kilo 40, ikapanda. Baada ya wiki tano ikashuka, nikamwaga tena. Mboji haishibi chokaa. Kilichoniumiza zaidi ni samadi: haikuleta ule ukijani wa chakula cha asili, maana jua halipenyi maji meusi. Nikawa nanunua pumba na mashudu mwezi hadi mwezi. Miezi minane, samaki wana ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Fundi_Mabwawa
Nailoni nayo usiitandike juu ya mboji. Nimeshaona moja ikivimba katikati kama mgongo wa kiboko, maji ya chini na gesi vimeisukuma juu, na kingo zimetitia upande mmoja. Ikae kwenye ardhi ngumu.

Mama_Vifaranga, Mufindi
Mimi nimevuna kwa chokaa, tusiseme haiwezekani. Ila mboji yangu ilikuwa nusu mita tu, nikaikwangua yote hadi mfinyanzi. Mita mbili ni habari nyingine. Na usisahau baridi yetu ya Juni na Julai: maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege anagusa chakula tu na kuondoka.

Binti_Mafunjo
Shikamooni wakubwa. Ndugu MwanaBonde, kabla ya samaki naomba tuuangalie huo udongo wenyewe. Mboji ni majani na mizizi iliyoshindwa kuoza kwa sababu maji yaliizuia hewa. Babu alipofungua mifereji, hewa iliingia, ikaanza kuoza na kwenda angani kama gesi ya ukaa. Ndiyo maana bonde linashuka kila mwaka. Ukichimba bwawa la kukaushwa kila mavuno unaendeleza kazi ileile, na mboji utakayoitupa kingoni itaoza juani.

Wenzetu wa Indonesia waliyaona haya kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1996, chini ya Rais Soeharto, walianza kuchimba mifereji katika jimbo la Kalimantan ya Kati ili wapate mashamba ya mpunga ya hekta milioni moja. Mpunga ulikataa. Mboji ikakauka, na moto wa 1997 ukaila kwa chini kwa chini. Lakini Wadayak wa hukohuko wana madimbwi wanayoyaita beje: mafuriko yanaingiza samaki, maji yakirudi samaki wanabaki humo. Baadaye hata mifereji iliyozibwa ili mboji ilowe tena imetumika kufugia hivyo. Samaki wao ni wa kinamasi, wamezoea tindikali, wanavuta hewa juu ya maji.

Kambale naye anavuta hewa, kwa hiyo mzee wako hajakosea. Tofauti ni kwamba mabonde yetu ya juu hayaletewi samaki na mafuriko. Utapandikiza, na vifaranga wadogo tindikali itawaua. Wapandikize wakiwa na uzito wa gramu 20 hivi, wachache, usitegemee biashara. Na sato, yule perege wa kuletwa, usimweke huko kabisa. Akitorokea mtoni anazaliana na perege wa asili, na mbegu ile ikishachanganyika hairudi.

Ningekuwa wewe bwawa ningeliweka ukingoni, kwenye mfinyanzi, mifereji ya ndani ningeiziba.

Perege_Songea
Hapo kwenye ukingo naunga mkono. Bwawa langu la sasa liko huko, pH 7, chokaa mara moja kwa mwaka.

Fundi_Mabwawa
Pimeni kwanza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji, na kibali cha kutumia maji kinatoka bodi ya maji ya bonde. Maji ya bwawa yatoke kwa bomba, yamwagikie kwenye nyasi kabla ya kufika bondeni.

MwanaBonde, Njombe
Nashukuru sana. Jumamosi tumeziba mfereji mmoja kwa viroba vya mfinyanzi, kwa majaribio. Leo asubuhi maji yamepanda shubiri moja na nusu, na pale palipopasuka miaka yote mguu unazama tena. Ukingoni tumechimba shimo la kiuno, mfinyanzi unashika maji tangu juzi, ila ni mita 48 tu kutoka kijito. Nitasogea juu. Mwenye bomba la inchi nne lililotumika, aniambie bei.