Naomba ushauri: divai ya kosher kwa ajili ya Sabato, ipi haitanitia aibu?

Binti Kihesa
Wakuu, habari za jioni. Niko Baltimore, Marekani, mwaka wa tatu sasa. Kuna familia ya Kiyahudi, wale washika dini hasa, nitakuwa kwao Ijumaa hii mpaka Jumamosi usiku. Nataka iwepo divai nzuri mezani, nyekundu, isiwe tamu kama sharubati. Lazima iwe kosher. Nimeingia dukani nimekuta ukuta mzima: chupa za bluu, za Golan, za California, za Ufaransa. Nimetoka kichwa kinauma. Mwenye uzoefu anisaidie, ya kama dola 30 hadi 40 hivi. Na je, divai ikishafunguliwa, ikikaa friji wiki nzima inabaki sawa? Msinicheke jamani.

Kamanda wa Ukonga
Kosher ndiyo nini tena, kukosha vyombo? Nimeshakaa siti ya mbele, karanga ninazo.

Mzee wa Makutupora
Binti, huko umefuata nini wakati Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka? Mimi nina ekari mbili na nusu. Mavuno ya Machi yakikaribia nalala shambani na rungu kwa sababu ya ndege na vijana. Bei sasa, mnunuzi anakuja na mzani wake, anapanga bei yake, na usipouza siku hiyo zinaozea kwenye kreti. Hebu nifafanulieni, hiyo kosher ni aina ya zabibu au ni dawa wanatia? Kama soko lipo mimi nipo.

Ndugu Msomaji wa Lesoni
Dada, sisi Wasabato nasi tunaipokea Sabato Ijumaa jua likizama, hatupiki wala hatuuzi. Lakini mvinyo mezani? Hapana. Mithali 23:31, "Usiitazame mvinyo iwapo nyekundu." Wewe umeomba hiyo hiyo nyekundu. Nunua juisi ya zabibu, utaamka na akili zako.

Mbeba Trei
Niko New Jersey, mwaka wa tisa kwenye ukumbi wa harusi za Kiyahudi, nianze na swali lako. Ile chupa ya bluu ni Bartenura, moscato ya Kiitalia, kilevi asilimia 5 tu, tamu. Vijana wanaipenda, wazee wanaonja kwa adabu. Kwa nyekundu kavu tafuta Yarden ya Golan, au Herzog ya California. Kabla hujalipa geuza chupa nyuma, tafuta duara lenye herufi U ndani, alama kwamba ni kosher, yaani inaruhusiwa na sheria ya dini yao, kisha uangalie kama imeandikwa "mevushal". Neno hilo ndilo litakalokuokoa au kukuponza, kutegemea nani atamimina.

Ila hilo swali lako la mwisho limenishtua. Mgeni hupeleka chupa yenye lakiri yake. Hiyo iliyokaa friji wiki nzima imetoka wapi?

Binti Kihesa
Nimeuliza tu kwa kujua.

Sister Kariobangi
Aki Binti, wewe ni mgeni ama uko kazini? Juu mgeni hakai kutoka Ijumaa mpaka Jumamosi usiku, hiyo ni shift. Na sisi wote hapa Baltimore tunajua ni shift gani.

Binti Kihesa
Haya, niko kazini. Namlea bibi wa miaka 88, zamu ya saa 24 mwisho wa wiki. Kazi si aibu. Mtoto wake wa kiume anakaa mitaa mitano kutoka hapo. Ijumaa anakuja kwa miguu akitoka sinagogi, anasoma dua ya kikombe, wanakula, anaondoka. Kuna chupa yao waliyoifungua Ijumaa iliyopita, ikabaki kama nusu, wakaitia kizibo na kuirudisha friji. Imepungua kidogo. Nataka kuirekebisha tu.

Kamanda wa Ukonga
"Imepungua kidogo." Divai siku hizi zina miguu.

Shangazi wa Seeb
Usiwacheke, kazi za ndani zina mitihani yake. Mimi Maskati nilikaa miaka 6. Bi mkubwa wangu alikuwa anachora mstari kwa kalamu ya wino kwenye chupa ya mafuta ya kupikia kila Alhamisi. Siku moja mafuta yakashuka chini ya mstari, mtoto wake mwenyewe kakaanga mayai usiku. Niliulizwa mimi siku tatu. Ilipotimia ya nne nikatwaa kalamu yake nikachora mstari mpya. Hakuuliza tena. Mwanangu, jaza maji kidogo, maisha yaende.

Ndugu Msomaji wa Lesoni
Shangazi, unamfundisha nini huyu?

Mbeba Trei
Shangazi, tafadhali! Binti, maji hapana, na jibu moja tu: nani aliyeigusa hiyo chupa baada ya kufunguliwa?

Binti Kihesa
Mimi.

Jumamosi iliyopita, theluji nje, bibi kalala baada ya chakula cha mchana, nyumba kimya. Hakuna televisheni, taa zinajiwasha na kujizima zenyewe kwa saa walizotegesha tangu Ijumaa, chungu cha maharage na nyama kiko juu ya bamba la moto toka jana yake. Nikamimina kwenye kikombe cha chai. Kikombe kimoja. Baadaye cha pili. Ilipobaki kidole kimoja nikaona bora niimalize kuliko ibaki ikinisuta. Najua ni makosa.

Ila kosa nimeshalitengeneza. Jumatatu nilinunua chupa ile ile, lebo yenye picha ya taa ya mafuta, mwaka ule ule, dola 38 za mfukoni mwangu. Nikaifungua jikoni, nikapunguza kwenye sinki mpaka usawa wa ile ya kwanza, nikatia kizibo chao, nikaiweka pale pale mlangoni mwa friji. Kwa hiyo hakuna aliyepata hasara. Nilichotaka kujua ni kama ladha itaonekana tofauti, kwa sababu ile ingekuwa na siku saba na hii itakuwa na siku nne.

Kamanda wa Ukonga
Kumbe ushauri wa divai gani ununue wakati umeshainunua, umeshaifungua na nusu ameshakunywa sinki!

Mbeba Trei
Ladha iache. Sikiliza, na ninakuambia bila kukusimanga.

Divai kwao haiko kama mkate. Toka zabibu inapopondwa mpaka chupa inapofungwa, wanaoigusa ni Wayahudi washika Sabato peke yao. Chupa ikiwa na lakiri, beba utakavyo. Ikishafunguliwa, kama si mevushal, asiye Myahudi akiimimina basi kwa washika dini haifai tena kunywewa. Asili yake ni ya kale, enzi ambazo watu walikuwa wakiimwagia miungu yao divai. Ile ya mevushal imepashwa moto kiwandani, nyuzi 80 na zaidi kwa sekunde chache, halafu inapoozwa haraka. Divai iliyopikwa haikufaa kwa madhabahu, kwa hiyo sheria hiyo haiigusi. Ndiyo maana ukumbini kwetu, harusi ya watu 400, wahudumu ni Wameksiko na sisi wabeba boksi, kila chupa ni mevushal. Kuna msimamizi wa dini, mashgiach, hata jiko ni yeye anayeliwasha.

Sasa nenda friji usome nyuma ya hiyo chupa. Usiitoe, isome tu.

Binti Kihesa
Nimesoma mbele na nyuma. Neno hilo halipo.

Mbeba Trei
Basi Ijumaa huyo kaka atasimama mbele ya mama yake na kikombe cha fedha, atasoma dua juu ya divai ambayo kwake ni haramu, na hajui.

Binti Kihesa
Lakini ni divai ile ile! Kiwanda kile kile! Jicho halioni, ulimi hauoni. Na niwaambie ukweli, siku ya kwanza kazini yule kaka alinionyesha jikoni kabati ya maziwa, kabati ya nyama, kisha akasema, "Chupa za divai zikiwa wazi usizishike, tutamimina sisi." Hakusema sababu. Bibi nampangusa mimi, namvalisha mimi, dawa namnywesha mimi kwa mikono hii hii. Halafu chupa mikono yangu haifai? Miaka miwili nimekaa na hilo neno. Labda siku ile sikunywa kwa sababu ya kiu.

Sister Kariobangi
Pole sana. Hiyo imenigusa. Lakini angekwambia sababu, ungeguza?

Binti Kihesa
Sijui.

Mtafiti Huru
Samahani wakuu, mimi nanusa chai hapa, tena ya tangawizi. Mleta mada kaanza kama mgeni, kawa mlezi, sasa kawa mwathirika wa ubaguzi. Halafu nimepekua nyuzi zake za zamani. Jumapili kaandika kwenye uzi wa maisha ya ughaibuni kwamba Jumamosi mchana simu ya mezani ya kazini ililia, bintiye bibi akamweka nusu saa kwenye simu akimuulizia mama yake. Wayahudi washika dini hawagusi simu siku ya Sabato. Kila mtu anajua. Hii hadithi imetungwa, na kesho atatuomba nauli.

Kamanda wa Ukonga
Mpaka nimemaliza karanga! Binti, jitetee.

Ndugu Msomaji wa Lesoni
Nilihisi tangu mwanzo. Mtu aliyekunywa hawezi kukumbuka mwaka ulioandikwa kwenye lebo.

Mzee wa Makutupora
Kabla hamjamfukuza, nauliza tena. Kwa hiyo nikiwaweka wakamuaji washika Sabato, divai yangu inakuwa kosher? Wasabato hapa kwetu wapo wengi na ni wachapakazi.

Mbeba Trei
Mzee, lazima wawe Wayahudi. Ndugu wa Lesoni hafai, hata akishika Sabato mbili kwa wiki.

Mkazi wa Mbale
Sisi huku Mbale, Uganda, Wayahudi tunao, Abayudaya, tangu Semei Kakungulu alipoanza mwaka 1919. Ni majirani zangu, kilima cha Nabugoye. Mzee Makutupora njoo uulize huku. Na kwa dada: hiyo dua ya kikombe wanaweza kuisoma hata juu ya juisi ya zabibu, au juu ya mkate. Sabato ya bibi haiharibiki kwa kukosa chupa moja. Ndiyo maana sioni sababu ya kumficha mtoto wake.

Binti Kihesa
Mtafiti, sina haja ya nauli yako. Bibi ana watoto wawili. Wa kiume ndiye mshika dini. Wa kike anakaa California, aliachana na mambo hayo zamani, anapiga simu siku yoyote, hata Jumamosi. Bibi hashiki simu siku hiyo, kwa hiyo mimi ndiye ninayepokea na kumweleza bibi binti yake kasema nini. Bibi anajifanya hasikii, lakini anatabasamu.

Mtafiti Huru
Haya, hapo nimekuelewa. Nafuta chai, nabakiza sukari.

Mbeba Trei
Huyo binti wa California hujawahi kumwona akija? Sabato akiwa pale, nani alimimina?

Binti Kihesa
Alikuja mwaka jana. Subiri.

Alinyoosha mkono achukue chupa amwongeze mama yake. Kaka yake akaiwahi. Aliichukua taratibu tu, akamimina yeye. Yule dada akacheka kidogo, akaangalia dirishani. Mimi nilikuwa nashika sahani za samaki, nikadhani ni ugomvi wa ndugu.

Mbeba Trei
Myahudi asiyeshika Sabato naye, kwa baadhi yao, hesabu ni hiyo hiyo. Dada yake wa tumbo moja. Kilichoangaliwa pale ni Sabato, mikono ya mtu haikuwa na ubaya.

Shangazi wa Seeb
Ya maji nimeifuta. Mwambie kijana wa watu.

Sister Kariobangi
Mwambie lakini usiandike kila kitu. Wakala wako akiona ujumbe wa "nilikunywa kazini" umeenda na kazi. Sema kwa mdomo.

Ndugu Msomaji wa Lesoni
Aungame yote. Nusu ukweli ni uongo mzima.

Binti Kihesa
Leo Ijumaa wakuu, nimeshaingia zamu. Toka asubuhi nimemtumia ujumbe, "Tafadhali nipigie kuhusu divai." Tiki moja. Jua linazama karibu saa kumi na mbili, mishumaa wanawasha dakika 18 kabla, baada ya hapo simu yake hataifungua mpaka kesho usiku. Sasa hivi ni saa kumi na robo. Nimewaza niidondoshe tu chini ipasuke, ionekane ajali. Chupa inateleza kweli hii.

Mbeba Trei
Usidondoshe kitu. Acha ujumbe, PIGA.

Kamanda wa Ukonga
Piga dada. Mimi mwenyewe nimesimama, siti nimeiacha.

Mkazi wa Mbale
Anza na chupa, kwamba umeifungua wewe na wasiitumie. Mengine yatafuata.

Binti Kihesa
Alipokea mlio wa pili. Nikamwambia chupa iliyoko friji niliifungua mimi, ile yao nilikunywa. Akanyamaza nikasikia gari likipiga indiketa. Akauliza, "Mama ameionja?" Nikasema hapana. Akasema nisiiguse, anapitia dukani sasa hivi kabla hawajafunga. Hakuuliza kingine. Kuhusu kazi hakusema kitu nami sikuuliza.

Supu ya bibi iko motoni, naenda kuiangalia. Amekaa kitandani ananiuliza mbona nimevaa viatu.

Mzee wa Makutupora
Mungu akutangulie, binti. Na hiyo nusu chupa iliyoko friji, mnamwachia nani?