Madirisha ya zamani ya nyumba ya babu Kibokoni: tuyang'oe tuweke alumini ama tuyatengeneze?

MjukuuWaKibokoni

Assalam aleikum jamaa. Naomba ushauri, haswa wale mlioishi ama kufanya kazi kwenye nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa. Nyumba ni ya babu yangu mzaa mama, iko Kibokoni ndani ndani huko gari haliingii, ghorofa moja, kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za boriti. Madirisha ni yale yale nyumba iliyojengwa nayo, mbao nzito za luva (vile vibao vilivyopangwa mshazari hewa ipite) zimepakwa kijani juu ya kijani mpaka hujui mbao iko wapi na rangi iko wapi, na kila moja chini lina kile kijimlango cha kusukuma nje, ukiketi ndani waona njia yote na wewe huonekani. Jumla yako 11.

Sasa shida. Matatu ya upande wa kusini yameoza chini, mvua za masika zikija na upepo wa kusi maji yaingia mpaka kitandani, na moja halifungi tena twalifunga kwa kamba. Kaka zangu wako ng'ambo na wao ndo watatoa pesa, wasema tumalize mambo mara moja, tung'oe yote tuweke alumini za kuslaidi na vioo vya tinti. Fundi wa alumini ashakuja kupima, ametoa kotesheni ya nyumba nzima na ataka dipoziti nusu. Tena akasema hizo mbao za zamani atazibeba mwenyewe "tusisumbuke kutupa", hapo ndo nikaanza kushuku manake mtu habebi takataka bure.

Mama ndiye anayeishi huko juu na hana msimamo. Mchana vumbi na honi za tuktuk zikimchosha asema toeni, jioni upepo ukianza kuingia asema atakayegusa madirisha ya babangu tutaonana. Nyinyi mwaonaje? Na je, kuna ruhusa ya kuchukua mahali ama nyumba ni yako wafanya utakalo?

SeremalaMajengo

Waaleikum salaam. Mimi ni seremala na kazi hizi ndo nazifanya, kwa hivo nisome ukijua nina maslahi yangu hapo 😅

Usimpe mtu dipoziti bado. Chukua kisu chenye ncha ama bisibisi nyembamba, pita dirisha kwa dirisha, dunga dunga lile bao la chini, miguu ya fremu inapokutana na kizingiti, na pale karibu na bawaba. Ikigoma, mbao ni nzima hata kama rangi yatisha. Ikizama kwa urahisi na ndani ni laini nyeusi, hapo pameoza, panda juu kidogo kidogo mpaka upate pagumu kisha weka alama ya chaki. Mara nyingi utakuta rangi imebambuka dirisha zima lakini kuoza kwenyewe ni kule chini tu, kwa sababu ncha za mbao ndizo zinazokunywa maji na maji hukaa chini. Juu huko waeza kukuta mbao ngumu mpaka msumari wapinda.

Palipooza hukatwa mshazari kikaungwa kipande kipya cha mbao ya aina ile ile, gundi iwe epoksi, si ile nyeupe ya maji, na ule muungano uinamie nje ili maji yateremke yasikae. Luva huchomolewa moja moja zikachongwa zengine, hutupi dirisha zima kwa sababu ya luva nne. Na hilo la kamba mimi nahisi hata si kuoza, ni bawaba zimeliwa na kutu dirisha likashuka upande mmoja. Weka bawaba na skrubu za shaba ama stenlesi. Za chuma cha kawaida hazidumu hapa kwetu, hewa ya chumvi yazila.

Huyo wa alumini kuzitaka mbao zako namuelewa saaana. Mbao za wakati huo nyingi ni msaji ama mvule. Kwangua rangi upande wa ndani mahali padogo uangalie, msaji una mafuta yake mwenyewe na mchwa hawaupendi. Ukienda kununua mbao leo waletewa saipresi na paini, zimekatwa changa na hazijakauka sawasawa, ukiziweka hapo kusini masika moja zishapinda. Mvule wapatikana lakini bei uiulize ukiwa umeketi.

BiTudor

Nami niseme la upande wa pili kidogo. Dadangu ana nyumba ya miaka ya hamsini huku Tudor, walitoa madirisha ya mbao yote wakaweka alumini za kuslaidi. Faida ziko jamani tusidanganyane, vumbi limepungua, kelele zimepungua, mambo ya kupaka rangi yameisha, kitambaa na maji basi.

Lakini sikiza. Dirisha la kuslaidi hufunguka nusu, kioo kimoja siku zote kimejificha nyuma ya mwenzake, kwa hivo ule upepo uliokuwa ukiingia dirisha zima sasa waingia nusu. Mvua ikija wafunga kabisa na hewa imekatika, wakati luva waeza kuifunga hewa ikapita na mvua isipite (mvua ya kawaida nasema, si ile inayolala na upepo). Halafu jua la magharibi. Luva hulizuia jua likiwa bado nje, kioo hulikaribisha ndani, na likishaingia lile joto halitoki, saa kumi jioni ile sebule ni tanuri. Tinti yasaidia kidogo tu. Sasa wana AC na bili ya stima ndo hadithi ya kila mwezi.

Kitu kengine mafundi wao hawasemi ni kwamba ile reli ya chini hujaa mchanga, vigurudumu vikakwama, mtu mzima kusukuma ni kazi. Na alumini ni kweli haioti kutu kama chuma lakini karibu na bahari ikiwa tupu bila ile rangi ya kuokwa huingia vidoa vyeupe na vitundu, na fundi akiifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida pale zinapogusana ndo yaliwa haraka zaidi. Mamako umri wake vipi, ataeza kusukuma hizo slaidi?

KuzeMpakaNdiaKuu

Kuhusu ruhusa: ndio, unahitaji. Kibokoni iko ndani ya eneo la hifadhi, Mji wa Kale ulitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali mwaka wa 1990, na kuna ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Taifa. Pia kuna sheria ya makavazi na turathi ya 2006. Watu huchanganya wakafikiri ni mambo ya Fort Jesus kuingia orodha ya UNESCO 2011, hapana, ile ni ngome, Mji wa Kale una ulinzi wake na ulianza kitambo kabla ya hapo.

Madirisha yanayoonekana njiani, roshani, milango ya kuchonga, hivyo vyote upeleke maombi kabla ya kugusa, na uwaulize pia kibali cha kaunti ni kipi. Usiende na maneno matupu, nenda na picha ya kila dirisha ndani na nje, vipimo, na uandike wazi lipi watengeneza na lipi wataka jipya. Kutengeneza kwa mbao ile ile na umbo lile lile ni mazungumzo mepesi kuliko kuomba alumini na tinti upande wa njia. Fikiria fundi ashang'oa manne kisha kazi isimamishwe, mama abaki na matundu ukutani na mawingu yale yaja.

MpangajiMkanyageni

Samahanini lakini nyinyi watu wa turathi wengi mwalala Nyali na Bamburi kwenye AC halafu mwakuja kutuambia sisi tusiguse mbao 😂 nyumba si makumbusho, ni ya kuishi. Mimi nakaa kwenye luva hizo hizo. Mbu waingia watakavyo. Usiku ukifunga ni giza totoro hakuna taa ya nje inayopita, ukifungua jirani aona mpaka sahani yako, njia zenyewe mwazijua upana wake, mkono wangu na dirisha lake. Na wezi je, luva kuukuu yavunjwa kwa mkono. Sisemi alumini, nasema mama wa watu asiteswe kwa sababu watalii wapenda kupiga picha.

SeremalaMajengo

@MpangajiMkanyageni hapo nakupa haki yako, mimi mwenyewe nakaa Majengo na mbu nawajua kwa majina. Lakini hayo yote yana dawa bila kung'oa kitu. Kuta za matumbawe ni nene, kipimo cha mkono kutoka kiwiko hivi, na dirisha la luva limekaa upande wa nje wa ukuta. Kwa ndani kumebaki nafasi tele. Hapo ndo hutiwa fremu ya pili nyembamba ya mbao, ama yenye wavu wa mbu wa kutoa na kurudisha, ama yenye vioo vya kufunguka kwa bawaba kuja ndani. Mchana wafungua vioo wafunga luva, upepo na kivuli waupata. Usiku wa kelele ama mvua ya kusi wafunga vyote viwili. Mtu akipita njiani aona dirisha lile lile la babu. Na kwa wezi, vyuma vikae katikati ya viwili hivyo, vyembamba tu vya kusimama, si yale magrili ya maua.

Sharti moja: hio fremu ya ndani ifungwe kwenye mbao, ama ishikizwe kwa chokaa, msimruhusu mtu kuzungushia simiti. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, unyevu na chumvi hutokea nje wenyewe. Simiti yaziba, ule unyevu watafuta njia pembeni, ndo mwaona plasta yavimba na kumwagika unga unga kandokando ya madirisha mapya. Hilo hata wa alumini hufanya, akishang'oa fremu ya zamani aacha tundu limechakaa halafu alijaza simiti apate kona nyoofu.

BiTudor

Hio ya fremu mbili naipenda. Ningekuwa mimi ningeanza na chumba cha mama peke yake nione, kabla ya kutia pesa za watu kwa nyumba nzima.

MjukuuWaKibokoni

Nashukuru sana wote. Nimepita na kisu leo baada ya alasiri, mama akinifuata nyuma akidhani nimerukwa na akili. Matokeo: saba ni mazima kabisa, rangi tu na luva chache zimevunjika. Hilo la kamba fundi umepatia, bawaba ya chini imebaki jina, mbao haina neno. Kuoza kwa kweli ni mawili, kisu chaingia chini mpaka kama shubiri moja halafu pagumu. La tatu la kusini, lile la pembe, chini ni sawa lakini limejibana juu, halifunguki hata kwa bega, na ukutani juu yake kuna ufa unapanda mshazari. Nimekwangua rangi kidogo, mbao ni ya kahawia yenye dhahabu na ina harufu kama ya ngozi. Ndo msaji huo?

Swali jengine, rangi zote hizo za kale nizitoe vipi? Kuna mpwa wangu mdogo hukaa na bibi yake, nimesikia kuna rangi za zamani zina sumu.

SeremalaMajengo

Huo ni msaji inshallah, na huyo wa alumini mwambie asante kwa kupima.

Rangi: za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi na hujui tabaka gani inayo, kwa hivo chukulia zote zinayo. Usipige msasa mkavu, vumbi lake ndo baya haswa kwa mtoto, laingia kwa mikono na mdomo. Usichome kwa moto pia, utavuta moshi wake, tena nyumba ya boriti na mbao kavu moto si wa kuchezea. Luva zifunguliwe zishushwe zipelekwe nje, zikwanguliwe na kulowanishwa kila mara, turubai chini, takataka zote zifungwe kwa mfuko zisifagiliwe uani. Mtoto akae kwa shangazi siku hizo. Na si lazima ufike mpaka mbao tupu kila mahali, palipo shikamana sawasawa pasugue kwa maji kidogo upake juu. Ncha za chini zinyweshe mafuta ya linsidi kwanza, zikauke vizuri, ndipo praima na rangi.

Sasa lile la pembe ndo limenitia wasiwasi kuliko yote. Dirisha likibanwa juu na ufa ukipanda mshazari, mara nyingi tatizo si dirisha, ni zile boriti zilizolala juu yake zilizobeba ukuta. Zikiliwa na mchwa ama zikioza, ukuta washuka wakalia fremu, na hapo hio fremu unayotaka kuing'oa ndo imeshikilia mawe. Usiitoe, usiipige nyundo ifunguke. Mtafute mtu anayejua ujenzi wa chokaa aje aangalie, na kabla hajagusa kitu atie nguzo za kushikilia ndani. Ukienda ile ofisi ya hifadhi anza na hilo, peleka picha ya ufa na uweke rula ama sarafu kando waone ukubwa.

KuzeMpakaNdiaKuu

Naam. Na chora kistari cha penseli pale mwisho wa ufa uandike tarehe, ujue kama waendelea kutembea.

MjukuuWaKibokoni

Nishachora. Jumatatu asubuhi niko ofisini na picha. Kaka zangu nimewaandikia kwamba pesa zianze na ukuta wa pembe, halafu yale mawili ya kusini na bawaba, wavu wa chumba cha mama, na kama zitabaki ndo tuongee vioo vya ndani. Mkubwa amejibu "sawa", mdogo bado ataka tinti. @SeremalaMajengo nitakutumia ujumbe wa kando uje uangalie hayo mawili, lakini bei unipe ya jirani, si ya Mji wa Kale.

SeremalaMajengo

Haha karibu. Nakuja na kisu changu.