Nikisema "age-uke" mtoto anageuka: wenye uzoefu wa karate nisaidieni

BintiMld

Asalaam alaykum wanajamvi, na wengine habari za jioni.

Niko Malindi, mkanda wa kahawia, karate ya mtindo wa Shotokan. Tangu mwezi wa kwanza sensei, yaani mwalimu wetu, amenikabidhi watoto wa miaka 7 hadi 12, siku tatu kwa wiki baada ya alasiri. Ngumi na mateke wanayashika upesi. Kinachonishinda ni maneno.

Chukueni Jumanne iliyopita. Nimewapanga mistari mitatu, nikatoa amri: "Age-uke!" Ni ile kinga ya mkono unaopanda juu kuzuia ngumi ya usoni. Mtoto mmoja mgeni, yuko wiki ya pili, akageuka mzimamzima akanipa mgongo. Amesikia "ageuke", na mtoto mtiifu akiambiwa ageuke, anageuka. Sikumlaumu. Nikaona basi nilitenganishe neno: "Age... uke." Hapo wakubwa wa mstari wa nyuma wakaangua kicheko, maana ile nusu ya pili ikisimama peke yake mnajua kwetu ni nini. Na mama mmoja alikuwa mlangoni amekuja kumchukua mwanawe. Hakusema kitu, ila nilimwona uso ulivyobadilika, na usiku ule sikulala vizuri.

Si hilo tu. "Chudan" ni usawa wa kifua na tumbo, wao wanasikia "chini", ngumi zinashukia mapajani. Tukifunga darasa kiongozi wa mstari huita "Sensei ni rei", mtoto mmoja akaniuliza kwani sensei jina lake ni Rei?

Mwezi ujao kuna mtihani wa mikanda. Mtahini anatoka Mombasa na anaita kila kitu kwa Kijapani. Nihamie Kiswahili kabisa, au nishikilie Kijapani? Nataka watoto wafaulu, na wazazi nao wasiwe na neno moyoni.

Muyeye_Fighter

Hamia Kiswahili dada. Ngumi, teke, kinga, pangua, kwepa, yote tunayo. Mtoto wa Malindi hahitaji Kijapani kujilinda.

BabaWawili

Kaka Muyeye, nakuelewa, lakini siku ya mashindano je? Mwanangu alifundishwa kwa Kiswahili mwaka mzima. Kafika ukumbini, kavaa mkanda mwekundu, kapiga ngumi safi ya kifuani. Refa akasema "Aka, yuko!" Mtoto akaanza kuangaza macho huku na huku kutafuta nani yuko wapi, kumbe kapewa pointi. Aka ni mwekundu, ao ni buluu. Yuko ni pointi 1, waza-ari 2, ippon 3. Pambano lilipoendelea refa akasema "yame", yaani simama, yeye akaachia ngumi nyingine, akaonywa. Nilikuwa nimekaa pale nikimtazama na hakuna nilichoweza kumsaidia. Alijua kupigana, hakujua anaambiwa nini. Tafadhali dada, usiwanyime maneno.

MzeeLangoni

Mwanangu Binti, wa alaykumu salaam. Mimi niko Amu, nimecheza judo ujanani na sasa nafundisha wajukuu na wenzao. Usiache Kijapani, ila usikitoe kikavu. Kila neno lina maana, na mtoto akishaijua hageuki wala hacheki.

Anza na hilo lililokuumiza. "Age" ni kupandisha. "Uke" latokana na kitenzi "ukeru", kupokea. Si kuzuia, ni kupokea. Katika judo anayetupwa ndiye huitwa uke, kwa kuwa yeye ndiye anayepokea mtupo, na anayetupa ni tori. Nami wanafunzi wangu huwapeleka gatini wakatazame mahamali wakishusha mizigo jahazini. Gunia likija, hamali hakazi mkono kama nguzo, angevunjika. Hulipokea: bega linashuka kidogo, goti linalegea, uzito unapita. Waambie watoto, ngumi inakuja kama gunia, mkono wako uipokee na kuipitisha. Wiki mbili za mwanzo sema yote mawili kwa pamoja, "Age-uke, pokea juu!" Baadaye Kiswahili kitajidondokea chenyewe.

Sasa matamshi, na hapa sisi watu wa pwani tuna bahati. Irabu zao ni tano kama zetu, a e i o u, na zasomeka vilevile. Panapokosewa ni pawili, na mtoto aliyepita chuo cha Qur'ani kwa maalimu apajua tayari. Kwanza shadda, herufi inayokazwa. Refa wa judo akisimamisha pambano husema "matte", ngoja, t yake ina shadda. Ukiisoma bila shadda umesema mate ya mdomoni. "Ippon" hali kadhalika. Pili ni madd, kuvuta irabu: "dojo", ukumbi wa mazoezi, o zote mbili zavutwa. "Kyu" ya daraja la mkanda yavutwa. Hata "senpai", mwanafunzi aliyekutangulia, husomwa "sempai", nuni (n) imegeuka mimu (m) mbele ya p, nao washazoea kuigeuza mbele ya ba katika tajwidi, kanuni za kusoma Qur'ani.

Na watakuuliza kwa nini teke ni "keri" lakini teke la mbele ni "mae-geri", ngumi ni "tsuki" lakini ngumi ya mkono wa nyuma ni "gyaku-zuki". Waulize nao, kwa nini mtu ni mrefu lakini njia ni ndefu? Neno likiunganishwa, sauti ya mwanzo hubadilika. "Harai", kufagia, ikiungana na "gedan" yawa "gedan-barai".

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882 mjini Tokyo, leo yachezwa dunia nzima na amri ni zilezile. Mrusi na Mbrazili wakikutana, refa akisema "hajime", anzeni, wote wawili waanza. Mtoto wa Malindi asiachwe nje ya hilo.

Muyeye_Fighter

Mzee, hiyo ya gunia imenishinda. Narudisha kauli.

UmmuZ_Barani

Mimi ni mzazi, si mchezaji. Dada, yule mama wa mlangoni mtafute kabla hajasikia hadithi kwa watoto. Mweleze neno kwa neno kama Mzee alivyoeleza. Mimi binafsi nilimtoa binti yangu kwenye mazoezi kwa sababu ya "rei", nikidhani wanasujudia ukuta. Hakuna aliyenieleza kitu. Baadaye mwalimu mwingine alikuja hadi nyumbani, akasema rei ni heshima, adabu ya kusalimiana, na ile "ni" ya katikati ni kama "kwa" yetu. Tukakubaliana watoto wainamishe kichwa kidogo na mkono uwe kifuani. Binti amerudi, sasa ana mkanda wa kijani. Ningeelezwa siku ya kwanza asingepoteza miezi ile.

Karateka_Mtwapa

Nyongeza moja kwa ajili ya mtihani. Hakikisha mtahini ni wa mtindo wenu. Sisi Shotokan "soto-uke" mkono unatoka nje kuingia ndani, na "uchi-uke" unatoka ndani kwenda nje. Mitindo mingine majina haya yamepishana, nimeona watoto wakifanya kinga sahihi wakahesabiwa kosa. Na kuhusu chudan: waguse kwa kidole. Jodan, gusa uso. Chudan, gusa chembe ya moyo. Gedan, gusa chini ya kitovu. Dakika mbili kila siku kabla ya mazoezi.

BintiMld

Narudi kuwashukuru. Jumamosi niliwakalisha chini, nikawaeleza "ukeru", nikamwita yule mgeni aliyegeuka nikamrushia mkoba wangu wenye vitabu. Akaudaka kwa mikono miwili, magoti yakalegea yenyewe. Nikamwambia hiyo ndiyo uke. Walicheka kidogo mara ya kwanza, mara ya nne hakuna aliyecheka. Chudan bado, wawili wanashuka, nitaendelea na kidole.

Mama nilimfuata kwake. Alinisikiliza, akanipa chai, akauliza kama kuna nafasi ya mdogo wa yule mwanawe, wa kike, wa miaka 8.

Mzee, swali la mwisho: nne niwafundishe "shi" au "yon"? Sensei anasema shi, kwenye video nasikia yon.

MzeeLangoni

Zote mbili, mwanangu. Kwenye hesabu ya mazoezi sema shi, ichi ni san shi. "Shi" yafanana kwa sauti na neno lao la kifo, ndiyo maana mahali pengi waikwepa wakasema yon. Daraja la nne la mkanda mweusi ni yondan. Na "san" waizuie wasiitie i mwishoni, watoto wa huku hupenda kusema "sani".